Bi Mfamasia Anajibu: Karatasi ya dawa imenitisha kuliko kuanguka kwenyewe

*Bi Mfamasia, salaam. Nina miaka 67. Miezi michache iliyopita niliteleza koridoni, nikajikinga kwa mkono, kifundo cha mkono kikavunjika. Plasta ilipotolewa nikapelekwa kupimwa uzito wa mifupa, alama ya T ya nyonga ikasoma -2.8. Nikaandikiwa alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Kabla ya kumeza nikasoma ile karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi: taya kufa, mfupa wa paja kuvunjika wenyewe, vidonda kwenye umio. Dawa ya mifupa inayovunja mifupa! Nikaifungia kwenye droo. Mama yangu alivunjika nyonga akiwa na miaka 78 na hakutembea tena. Mimi nina kiungulia cha mara kwa mara, nina jino ambalo daktari wa meno anataka kuling'oa, na usiku natumia kidonge cha usingizi. Binti yangu anadai nimepungua kimo. Mimi naona ni sketi zilizorefuka. Nimeze au nisimeze? — Mwenye Droo*

Dada Mwenye Droo, salaam zimefika. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliiacha alendroneti pembeni nikatazama vitu vitatu ulivyovitaja kwa kupitia tu: jino, kidonge cha usingizi na sketi. Nitavirudia vyote. Kwa wasomaji wapya niseme kwamba mimi ni mfamasia. Siandiki dawa wala simzuii mtu dawa aliyoandikiwa. Nakusaidia urudi kwa daktari wako ukiwa na maswali yenye maana. Lakini maoni ninayo, na sioni sababu ya kuyaficha: kwa jinsi ulivyojieleza, mfupa wako ni wa kuogopwa kuliko kidonge chako.

Mtu akidondoka kutoka kwenye paa akavunjika mkono, tunaliangalia paa. Mtu akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, ndani ya nyumba, kwenye sakafu iliyo sawa, akavunjika, tunauangalia mfupa. Wewe ulikuwa umeshajibiwa hapo koridoni kabla hujaingia kwenye mashine. Kipimo kilithibitisha tu. Tangu 1994 Shirika la Afya Duniani linahesabu alama ya T, ile inayolinganisha mfupa wako na wa mtu mzima kijana, ikiwa -2.5 au chini yake kuwa osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi na dhaifu. Wewe uko -2.8. Ongeza mama yako, maana nyonga ya mzazi iliyovunjika ni hatari inayohesabika kwa mtoto. Ongeza pia kwamba aliyevunjika mara moja hatari yake ya kuvunjika tena ni takriban mara mbili ya mwenzake ambaye hajawahi, na kipindi kibaya zaidi ni miaka miwili ya mwanzo. Droo yako umeifunga katikati ya kipindi hichohicho.

Sasa sketi. Naomba usinikasirikie, lakini namwamini binti yako. Pingili za uti wa mgongo hazivunjiki kwa kishindo, hubonyea. Takriban mbili katika kila tatu hubonyea bila mwenyewe kujua. Anahisi mgongo umechoka tu, anaulaumu umri, maisha yanaendelea. Tafuta kimo chako cha ujanani kwenye karatasi yoyote ya zamani, kisha upimwe leo bila viatu. Ukikuta sentimita 4 au zaidi zimepotea, omba picha ya eksirei ya mgongo. Kama kuna pingili iliyobonyea, hesabu yote ninayokufanyia hapa chini inaegemea upande wa dawa kwa uzito zaidi.

Kosa la ile karatasi ya ndani ya boksi ni kwamba inataja kila kitu na kukipa kila kitu uzito unaokaribiana. Maumivu ya tumbo yamepangwa karibu na taya kufa, na macho ya binadamu yanakwenda moja kwa moja kwenye taya. Hakuna mahali inapokuambia: na usipoimeza, yafuatayo yanaweza kukupata. Ingekuwa juu yangu, kila karatasi ya aina hiyo ingekuwa na safu mbili, kumeza na kutomeza, kwa idadi ileile ya watu na kwa miaka ileile. Basi tuichore sisi.

Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na pingili iliyobonyea. Nusu walipewa alendroneti, nusu kidonge kisicho na dawa ndani, kwa takriban miaka mitatu. Kati ya wasiopata dawa, asilimia 2.2 walivunjika nyonga. Kati ya waliopata, asilimia 1.1. Pingili mpya zilizoonekana kwenye eksirei: asilimia 15 dhidi ya 8. Ukitaka watu badala ya asilimia, chukua wanawake 1,000 wa aina hiyo. Bila dawa 22 wanavunjika nyonga, kwa dawa 11. Bila dawa 150 wanapata pingili mpya iliyobonyea, kwa dawa 80. Muuzaji angekuambia "dawa inapunguza nyonga kwa nusu", naye hajadanganya. Mpinzani angekuambia "watu 978 kati ya 1,000 hawakuwa na nyonga ya kuvunjika hata bila dawa", naye pia hajadanganya. Kwa hiyo mtu akikutajia nusu, muulize nusu ya ngapi.

Kwenye safu ya pili tuweke taya. Tatizo la mfupa wa taya kufa na kubaki wazi mdomoni lilianza kuripotiwa mwaka 2003, na wengi wa wagonjwa wale walikuwa watu wa saratani waliokuwa wakipewa dawa za jamii hii kwa dripu, kwa dozi kubwa na mara kwa mara. Kwa dozi ndogo ya mifupa kama yako, makadirio ni kati ya mtu 1 katika 10,000 na mtu 1 katika 100,000 kwa mwaka. Hata nikichukua makadirio ya juu kabisa, katika wanawake wetu 1,000 kwa miaka mitatu hafiki mtu mmoja. Linganisha na zile nyonga 11 na pingili 70 zilizookolewa.

Halafu paja. Hili ni la kweli, na wanaosema ni uzushi wananiudhi sawa na wanaolikuza. Mfupa hauwi mzima kwa kukaa tu. Ndani yake kuna mafundi wa aina mbili, wanaobomoa sehemu iliyochakaa na wanaojenga mpya mahali pake. Baada ya hedhi kukoma wabomoaji wanazidi kasi. Alendroneti inawapunguza kasi wabomoaji, na hapo ndipo faida inapotoka. Lakini wakipunguzwa kasi kwa miaka mingi, nyufa ndogondogo ambazo zingebomolewa na kuzibwa zinaweza kukaa, na kwa watu wachache mfupa wa paja hupasuka katikati. Mwaka 2020 ulitoka utafiti uliofuatilia wanawake wapatao 196,000 kusini mwa California. Kwa kila wanawake 10,000 wenye asili ya Ulaya waliotumia dawa miaka mitatu, nyonga 149 ziliepushwa na mapaja 2 yalivunjika kwa namna hiyo. Kwa wenye asili ya Asia picha si nzuri kiasi hicho: nyonga 91 na mapaja 8. Faida bado imeshinda, ila si kwa kiasi kilekile kwa watu wote. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba hatari ya paja hupanda kadiri miaka ya kutumia dawa inavyoongezeka, na hushuka haraka dawa ikisimamishwa.

Ndiyo maana swali la "nimeze au nisimeze" linakunyima jambo moja muhimu, nalo ni muda. Hakuna anayekufungisha ndoa na alendroneti. Kwa kawaida baada ya miaka mitano ya vidonge daktari hukaa na mgonjwa kuangalia upya: umevunjika tena? Alama ya nyonga ikoje? Wenye hatari iliyoshuka wanapumzishwa, na kwa kuwa dawa hii hung'ang'ania ndani ya mfupa, kinga haiondoki siku ile ile. Wenye hatari kubwa huendelea. Madhara unayoyaogopa kwa sehemu kubwa yako mbali huko mbele, ilhali hatari ya kuvunjika iko nawe leo.

Sasa nije kwenye kinachowafanya watu waache dawa hii kweli. Nyuma ya kaunta sijawahi kuona mtu akirudisha boksi kwa sababu ya taya. Wanarudisha kwa sababu ya tumbo na kifua kuwaka, na mara nyingi ukiwauliza walivyomeza unakuta walimeza kama dawa nyingine. Hii haimezwi kama dawa nyingine. Ni asubuhi ukiamka, tumbo likiwa tupu, na glasi nzima ya maji ya kawaida; si chai, si kahawa, si maziwa, si maji ya chupa yenye madini mengi. Kisha dakika 30 bila kula, bila dawa nyingine, na bila kulala. Kaa wima au tembea. Usikitafune wala kukimung'unya. Kinachoingia mwilini ni chini ya asilimia moja ya dozi hata ukifanya kila kitu sawasawa, kwa hiyo ukikimeza na chai ya maziwa umekunywa chai tu. Na kidonge kikikwama kwenye umio kwa kuwa ulirudi kujilaza, kinachoma. Vidonge vya kalsiamu, kama umeandikiwa, viende saa nyingine ya siku.

Kiungulia chako kinahitaji maelezo zaidi ya uliyonipa. Kiungulia cha kawaida kinachotulia hakimzuii kila mtu. Lakini kama chakula hukwama wakati wa kumeza, kama umewahi kuambiwa umio una kidonda au umebana, au kama huwezi kukaa wima nusu saa, mwambie daktari waziwazi, maana huenda vidonge visikufae. Kuna njia nyingine: zoledroneti, dripu ya mara moja kwa mwaka, ambayo haipiti tumboni kabisa. Nayo ina maudhi yake. Baada ya dripu ya kwanza takriban mtu mmoja kati ya watatu hupata homa, baridi na mwili kuuma kama mafua makali kwa siku mbili tatu. Paracetamol husaidia, na dripu ya pili huwa nafuu sana. Figo lazima zipimwe kwanza, kwa sababu zikiwa dhaifu sana haitolewi.

Jino lako lina jibu rahisi. Kilichofungamana na taya zaidi ni kung'oa jino mtu akiwa tayari anatumia dawa, hasa kwa muda mrefu, pamoja na meno machafu na fizi zinazooza. Wewe hujaanza. Ling'oe sasa, kidonda kifunge, ndipo uanze. Ni suala la wiki kadhaa. Ila usilifanye jino kuwa droo ya pili, kwamba mwaka unaisha bado "unasubiri daktari wa meno".

Halafu hicho kidonge cha usingizi. Dada yangu, umeogopa kidonge cha mara moja kwa wiki, na kila usiku unameza kingine kinachojulikana kuwaangusha watu wa umri wetu! Anayeamka saa nane za usiku kwenda msalani akiwa na dawa ya usingizi mwilini, gizani, ana nafasi nzuri sana ya kuipata ile nyonga tunayoihesabu. Usikikatishe ghafla, maana baadhi ya dawa hizo zikikatwa ghafla zina vurugu zake. Mwombe daktari akupunguzie taratibu. Hilo nalo ni tiba ya mifupa, na halina karatasi ya kutisha.

Basi kwa wiki hizi: pima kimo, ng'oa jino, omba upimwe figo, kalsiamu na vitamini D, mweleze daktari kiungulia kwa ukamilifu. Mwombe pia akupigie hesabu ya FRAX, kikokotoo kilichotengenezwa na Chuo Kikuu cha Sheffield nchini Uingereza na kutolewa 2008. Kinauliza nchi yako, umri, uzito, kimo, kama umevunjika, kama mzazi alivunjika nyonga, sigara, pombe, dawa za steroidi, kisha kinakupa uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10. Ukishapata namba zako, weka zako mahali pa hizi zangu za watu wengine. Mimi ningekuwa na namba hizo, ningemeza.

---

*Bi Mfamasia, nina miaka 54, hedhi ilikoma miaka miwili iliyopita. Sijawahi kuvunjika kitu, wazazi wangu pia hawakuvunjika. Nilipimwa, alama ya T ni -1.6, nikaambiwa mifupa "imeanza kupungua". Mwenzangu kazini amenishauri nianze vidonge mapema kabla mambo hayajaharibika. Nianze? — Mwalimu*

Mwalimu, kwa hayo uliyoniambia, hapana. Alama ya T inakulinganisha na mtu mzima kijana, na baada ya hedhi kukoma karibu kila mwanamke ana kitu kimepungua. Kati ya -1 na -2.5 ni eneo la kupungua, si la ugonjwa. Na alama hiyohiyo moja haina hatari moja: -1.6 ya mtu wa miaka 54 asiyewahi kuvunjika ni jambo jingine kabisa na -1.6 ya mtu wa miaka 76 ambaye anaangukaanguka.

Angalia hesabu niliyomfanyia Mwenye Droo. Dawa hukata sehemu ya hatari uliyo nayo. Ikiwa hatari yako ya nyonga ni, tuseme, 2 katika 1,000 kwa miaka mitatu, hata ikikatwa nusu umepata mtu mmoja. Lakini kiungulia, taya na paja havipungui kwa sababu wewe ni mdogo na mzima. Faida imenywea, madhara yamebaki palepale. Tena ukianza leo, miaka mitano ya kwanza, ile ambayo dawa hufanya kazi kwa wasiwasi mdogo, utakuwa umeitumia ukiwa hujaihitaji.

Yapo yatakayonibadilisha mawazo: ukivunjika kwa kuanguka kidogo, ukiandikiwa prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) ya kumeza kwa miezi mitatu au zaidi, ukigundulika una tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Na kama joto la ghafla na jasho la usiku vinakutesa, muulize daktari kuhusu tiba ya homoni, kwa sababu estrojeni hulinda mifupa pia. Hiyo nayo ina mizani yake ya damu kuganda na saratani ya matiti, lakini ni mazungumzo yanayofaa katika umri wako. Mengine unayajua: mazoezi ya kubeba uzito wa mwili, kalsiamu ya kutosha kwenye chakula, kuacha sigara. Mwenzako wa kazini huenda aliandikiwa kwa sababu ambayo hakukusimulia.

---

*Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 72, amechomwa sindano za denosumabu kwa miaka miwili. Alama yake ilikuwa -3.1, sasa ni -2.4, na amefurahi sana. Anasema amepona, na kwamba alisikia dawa za mifupa huwa zinapumzishwa. Sindano iliyofuata ilitakiwa mwezi uliopita, hakwenda. Tumwache? — Kijana wa Pili*

Marahaba mwanangu. Msimwache. Mpigie daktari wake leo, sindano au mpango mwingine upatikane wiki hii.

Mapumziko aliyoyasikia mama ni ya alendroneti na ndugu zake, dawa zinazong'ang'ania ndani ya mfupa kwa miaka. Denosumabu haikai kwenye mfupa. Ni kingamwili inayozunguka kwenye damu, na baada ya miezi sita imekwisha. Hapo kazi ya kubomoa mfupa hairudi kwenye kasi yake ya zamani tu, hupita hata hapo, na mfupa uliokusanywa kwa miaka unaweza kupotea ndani ya muda mfupi. Kuna wagonjwa waliochelewa au kuacha wakabonyea pingili kadhaa za mgongo kwa mkupuo. Dawa yenyewe ni nzuri: kwenye utafiti wake mkubwa wa 2009, pingili mpya zilikuwa asilimia 2.3 kwa waliochomwa dhidi ya 7.2 kwa wasiochomwa, kwa miaka mitatu. Ubaya wake ni mlango wa kutokea.

Kuacha kunaruhusiwa, ila kwa utaratibu. Daktari humpa dawa ya kudaka, mara nyingi zoledroneti au alendroneti, ili mfupa usiporomoke. Kama mama amechoka na sindano, alizungumze hilo mwezi wa tano baada ya sindano, si mwezi wa saba. Kabla ya kuchomwa apimwe kalsiamu ya damu na figo, kwa sababu denosumabu inaweza kushusha kalsiamu kwa hatari, hasa kwa mwenye figo zilizochoka. Wewe mwanangu chukua simu yako, weka ukumbusho wa kila baada ya miezi sita, na usimwachie yeye kazi hiyo.

Kuhusu -2.4, mpongezeni. Lakini mtu aliyewahi kuwa -3.1 hageuki kuwa mzima kwa kuvuka -2.5, namba imepanda kwa sababu dawa imo kazini.

---

*Bi Mfamasia, nina miaka 73. Nimemeza alendroneti mwaka wa tisa sasa, kila wiki sijakosa, hakuna aliyeniambia niache. Tangu miezi mitatu iliyopita nina maumivu ya ndani katikati ya paja la kulia, kama jino linalouma polepole, yanazidi nikitembea. Sikuanguka. Nimeambiwa ni uzee, nakanda kwa dawa ya kuchua. — Mwenye Mkongojo*

Dada, barua yako naitanguliza usiku huu kwa mhariri ili ijibiwe toleo hili hili, na natumaini utakuwa umeshakwenda hospitali kabla hujaisoma.

Miaka tisa ya dawa hii pamoja na maumivu ya paja au kinena bila kuanguka si uzee mpaka eksirei iseme hivyo. Lile tatizo la paja nililomweleza Mwenye Droo kwamba ni nadra, mara nyingi hutanguliwa na maumivu ya namna hii hii kwa wiki au miezi. Kwa mtu wa mwaka wa kwanza wa dawa ningefikiria misuli kwanza. Kwako wewe nafikiria ufa kwanza, mengine baadaye.

Usimeze kidonge cha wiki hii mpaka uonwe. Kukosa wiki chache hakukuathiri baada ya miaka tisa. Punguza kutembea, usibebe mizigo, ngazi epuka, na mkongojo wako ushike mkono wa kushoto, upande usiouma. Ufa ukigunduliwa mapema, daktari wa upasuaji wa mifupa anaweza kuweka chuma ndani ya paja kabla halijakatika, na hilo ni jambo dogo kuliko kulikuta limekatika sokoni au bafuni.

Miaka tisa bila mtu kukaa nawe kuangalia upya ni mingi. Utafiti uliochapishwa 2006 uliwalinganisha wanawake walioendelea na alendroneti hadi mwaka wa kumi na walioacha baada ya takriban mitano. Walioendelea walipata pingili chache zaidi zilizobonyea na kuleta maumivu, asilimia 2.4 dhidi ya 5.3, lakini kwa mifupa mingine, nyonga ikiwemo, hakukuwa na tofauti. Kwa hiyo kuendelea si upuuzi kwa kila mtu, na huenda kwako kulikuwa na sababu. Lakini sababu hiyo ilitakiwa kuandikwa kwenye faili lako, na wewe uijue.

Nenda na boksi lenyewe. Ukifika sema kwanza miaka tisa, ndipo useme paja. Omba eksirei ya paja zima, kuanzia nyonga hadi goti, kwa sababu picha ya nyonga peke yake inaweza kuishia juu ya mahali penyewe. Na wapige mapaja yote mawili, hata lile lisilouma, maana wakati mwingine la pili nalo huwa limeanza. Kama picha itatoka safi na maumivu bado yapo, usikubali kurudishwa na dawa ya kuchua. Uliza kama kuna kipimo cha picha cha MRI, kwa sababu ufa mchanga unaweza usionekane kwenye eksirei.